Kidole cha Shahada

Jumanne usiku, Halifax, chini ya kiwanda cha zamani cha mazulia,
tunajipanga watu sita, kila mmoja na bastola ya upepo,
na mita kumi mbele yetu karatasi zenye pete nyeusi,
pete ndani ya pete, na katikati nukta
ndogo kama tundu la kifungo
kwenye shati la mtoto mchanga.

Wiki sita mfululizo natoboa kushoto.
Si juu, si chini. Kushoto,
palepale mkono wa saa unapolala
inapogonga saa tatu.

Wakaniambia: pumua.
Wakaniambia: tanua miguu, legeza bega, usikurupuke.
Colin, dereva wa basi la Todmorden,
akanishauri niache chai.
Nikaiacha chai.
Risasi ikaendelea na safari yake ya kushoto.

Risasi. Kwetu ni neno moja tu,
madini yenyewe na kile kinachoruka:
uzito usio na nia.
Nia imekaa nyuma, kwenye kipande cha chuma
kisichozidi urefu wa sindano ya magunia iliyovunjika,
na mimi sikuwahi hata kukitazama.

Glenys Thackray ndiye aliyekitazama.
Anakereza vyuma kule Elland, mafua hayamwachi.
Karatasi yangu hakuigusa.
"Lete kidole," akasema,
akakilaza nyuma ya tiketi ya bahati nasibu,
akakizungushia penseli.

Nikacheka. Kazi yangu hiyo!
Kutwa nzima dukani nimevaa futi shingoni,
nawapima watu wanaodhani wamenenepa
kumbe koti ndilo lililokatwa kwa ajili ya mtu mwingine.
Nawaambia: mwili wako hauna kosa, mama, vua tulirekebishe.
Hayo nawaambia wao.

Kifyatulio kilikuwa kimepinda kama mundu,
kimekatwa kwa mwanamume wa vidole virefu
anayekifikia kwa raha na kukizungushia.
Mimi nilikifikia kwa ncha tu, karibu na ukucha,
na ncha haivuti moja kwa moja,
ncha hupita ubavuni.
Wiki sita nilidhani navuta.
Nilikuwa nasukuma mlango
ulioandikwa vuta.

Akalegeza skrubu. Akakirudisha nyuma milimita tatu.
Akaung'oa ule mundu, akafunga kipande bapa,
akakigeuza kidogo, kidogo tena,
akapiga chafya, akaanza upya,
mpaka kikalala juu ya nyama ya kidole,
pale mistari ya alama inapojizungusha,
pale sindano zimenichoma miaka kumi na tisa
kwa sababu kastabini huvaa jirani yake.

Kidole cha shahada. Hakijui kusema uongo,
hushuhudia tu kile kilichowekewa mbele yake.

Nikainua mkono.
Hatua ya kwanza laini, kama kuvuta uzi
mpaka fundo liguse kitambaa.
Hapo kuna ukuta. Nikaegemea,
bila papara, bila hata kutaka sana,
na ukuta ukaondoka bila kuniaga.

Chanda chema huvikwa pete:
methali hiyo naijua tangu Pangani,
nimeitarizi hata kwenye mito ya maharusi.
Hakuna aliyeniongezea
kwamba pete nayo hupimwa,
na kwamba chanda chema, kikipewa pete ya mwenzake,
kitaonekana kibaya maisha yake yote.

Karatasi ikaja ikiyumba kwenye waya wake.
Saba.
Chini kabisa, saa kumi na mbili.
Colin akasema pole.

Glenys akaishika kwenye taa, akafuta pua.
"Mkono umeshuka," akasema. "Umechoka. Hili sasa ni lako."

Nikalitia kidole lile tundu.
Kosa langu mwenyewe,
limenikaa sawasawa.
Nikaenda kuchemsha maji ya chai.